Peni: Jina la Kiingereza, Hesabu ya Pwani

Zamani za sarafu zenye tundu, mtu aliyetoka Diani kwenda Msambweni na senti 10 mkononi hakusema kwamba ana senti 10. Alisema ana peni. Jina hilo lilitumika dukani na sokoni kwa miaka mingi, na ni wachache waliouliza limetoka wapi, au kama lilikuwa jina la haki kwa sarafu ile.

Asili yake ni Uingereza. Tangu karne ya 8 Waingereza walikuwa na sarafu ndogo ya fedha waliyoiita hivyo, na jina hilo ni ndugu wa "Pfennig" la Wajerumani. Kupita hapo wataalamu wa lugha hawajapatana. Mwaka 1797 peni za shaba zilianza kupigwa, na thamani yake ilizidi kushuka hata jina lenyewe likawa mfano wa kitu kidogo. La ajabu ni kwamba katika daftari zao Waingereza hawakuiandika peni kwa herufi P, bali kwa D. Herufi hiyo ni ya "denarius", fedha ya Warumi wa kale, ambayo kwa Waarabu ndiyo dinari.

Pwani ya kusini haikukosa majina ya fedha ndogo. Pesa, neno la Kihindi, lilikuwa jina la sarafu ambayo Kampuni ya Kiingereza iliipigisha kwa ajili ya Mombasa mwaka 1888. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Kwa amri ya mwaka 1905 rupia iligawanywa senti 100, nalo neno senti chanzo chake ni "mia" katika Kilatini. Mwaka 1920 ikaja florini, nayo haikukaa. 1921 ikafuata shilingi ya senti 100. Basi watu, wakiona shilingi ni ya Kiingereza, wakaipa senti 10 jina la Kiingereza pia.

Hapo ndipo penye kasoro. Shilingi ya Uingereza ilikuwa na peni 12, lakini ya Kwale ilikuwa na peni 10. Peni ya kweli ingalikuwa senti 8 na theluthi. Mathalani, mkulima ameuza madafu 12, kila moja kwa peni. Kwa hesabu ya London anastahili shilingi moja kamili. Kwa hesabu ya Kwale ni shilingi moja na senti 20. Mkulima asiyejua akipewa shilingi moja, huondoka ameridhika, kumbe amepunjwa madafu mawili. Na karani aliyejifunza hesabu katika vitabu vya Kiingereza, alipoketi kulipa vibarua, ilimpasa kuyasahau majedwali ya shuleni, la sivyo daftari lisingelingana na sanduku.

Sumuni nayo ina fumbo lake. Maana yake kwa Kiarabu ni sehemu ya nane, lakini sumuni ni senti 50, yaani nusu ya shilingi. Sehemu ya nane ya nini? Si ya shilingi, bali ya riale, ile fedha kubwa ya Maria Theresa wa Austria iliyoenea pwani yote. Riale ilikuwa rupia mbili na zaidi kidogo; rupia ilipofanywa shilingi mbili, riale ikawa kama shilingi nne, na sehemu yake ya nane ni senti 50. Riale ikaondoka sokoni, hesabu yake ikabaki kinywani mwa watu.

Kenya ilipopata Benki Kuu yake mwaka 1966, sarafu mpya zilitoka bila tundu. Waingereza nao waliacha hesabu ya 12 tarehe 15 Februari 1971, peni yao ikawa sehemu ya mia ya pauni. Sarafu ya senti 10 haionekani tena katika maduka ya Ukunda. Lakini asiye na kitu bado husema hana hata peni.