Ruta: mkuu wa stesheni asiyejua mwisho wa safari

Je, wajua kwamba kile kikasha chenye antena kilichotundikwa juu ya kaunta ya mapokezi hakijui njia ya kufika London, wala hata Dar es Salaam? Kinajua kituo kinachofuata tu, basi.

Mtu wa Kilosa hahitaji maelezo marefu. Mji wake ni njia panda ya reli. Reli ya Kati inafuata bonde la Mkondoa kwenda Dodoma na bara. Tawi lake, lililojengwa miaka ya 1960, linashika kusini kupitia Mikumi hadi Kidatu. Mkuu wa stesheni haulizi mzigo utafunguliwa kwenye duka la nani Kigoma. Anauliza unakwenda upande gani. Ruta nayo ina daftari la namna hiyo: anwani hizi zipite mlango huu, zile mlango ule, na zote isizozifahamu zipelekwe geti kuu, huko mbele watajuana.

Kidatu kuna mfano mzuri zaidi. Pale reli yenye upana wa mita 1 hukutana na ya TAZARA, yenye milimita 1,067. Tofauti ni ya vidole vitatu vinne, lakini behewa halivuki. Mzigo hushushwa huku na kupakiwa kule. Ruta hufanya hivyo mchana kutwa. Pakiti inafika kwa waifai, ruta inaivua bahasha ya waifai, inaivalisha bahasha ya waya au ya mnara, inaisukuma mbele. Mzigo ni ule ule, behewa ndilo jipya. Na pakiti zenyewe ni ndogo: kwa kawaida hazizidi baiti 1,500, hivyo picha moja ya simba yenye MB 3 hukatwa vipande elfu mbili na kitu.

Kila pakiti hubeba namba ya uhai wake. Simu za Android huanzia 64, Windows 128. Kila ruta inayopitiwa hupunguza 1, na ikifika sifuri pakiti hutupwa, kisha ruta iliyoitupa humtumia mwenye mali taarifa ya msiba. Kwa nini ukatili huo? Tuseme ruta ya Kilosa inaamini njia ya Ifakara iko Mikumi, na ya Mikumi inaamini iko Kilosa. Pakiti ingepigwa danadana hadi kiama. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani Van Jacobson aliugeuza msiba huo kuwa dawa. Alituma pakiti yenye uhai wa 1. Ikafia kituo cha kwanza, kituo kikajitaja. Akatuma yenye 2, kituo cha pili kikajitaja. Hiyo ndiyo traceroute, ambayo kwenye Windows huandikwa tracert. Fundi asiyeitumia namfananisha na anayepiga ramli.

Sasa tuchukue nyumba ya wageni pembeni mwa barabara kuu pale Mikumi. Jioni wageni wanalalamika: mtandao hakuna. Kijana wa mapokezi anachomoa ruta, anahesabu hadi kumi, anachomeka. Mara nyingine inakubali, na hapo ndipo ubaya ulipo, kwa sababu kesho tatizo litarudi lile lile na hakuna aliyejua lilikuwa nini.

Mwenye akili huanza karibu. Anapiga ping, yaani pakiti ndogo ya kuuliza "upo?", kwenye geti la humo ndani, tuseme 192.168.1.1. Likijibu kwa milisekunde 3, nyumbani kuko salama, asogee kituo cha pili. Lakini mara nyingi hata hafiki huko, kosa liko humo humo ndani. Vyumba vya nyuma vilikuwa havishiki waifai, mwenye nyumba akanunua ruta ya pili mjini na kuichomeka kwenye ya kwanza. Sasa wapo wawili wanaokata tiketi stesheni moja. Simu ya mgeni ikipewa anwani na ruta ya kwanza, inakwenda. Ikipewa na ya pili, inaelekezwa geti lisilotoka nje. Waifai imejaa, intaneti hamna. Dawa ni kuizuia ya pili isigawe anwani, iwe ya kupitisha tu.

Kosa lingine ni la kurudi. Ofisi iko mtandao wa 192.168.1, kamera za ulinzi ziko wa 192.168.2. Pakiti inatoka ofisini, inafika kwenye kamera bila shida, kamera inajibu, na jibu linapotelea njiani kwa kuwa ruta ya upande ule haijaambiwa ofisi ilipo. Watu hukagua njia ya kwenda mara kumi, ya kurudi hata mara moja. Nami nimewahi kupoteza siku nzima hivyo, na aibu ninayo.

Halafu ipo foleni, ambayo si ubovu kabisa. Wageni wamerudi hifadhini, simu zao kumi zinapandisha picha za tembo zote kwa pamoja bila kuulizwa. Ping ya nje iliyokuwa milisekunde 40 inafika 2,000. Hakuna pakiti iliyopotea; zote zimepanga mstari ndani ya ruta yenye ghala kubwa kupita haja yake. Oktoba 1986 foleni ya aina yake ilikumba njia kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha Berkeley, mita zisizofika 400: mwendo ulianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Kompyuta zilidhani pakiti zimepotea, zikawa zinatuma tena na tena, foleni ikazaa foleni. Ni Jacobson yule yule aliyezifundisha kupunguza mwendo.

Mikumi pia wanajua tiba. Barabara kuu ndani ya hifadhi mwendo una kikomo, na tembo akivuka, malori yote yanasubiri. Iwekee ruta kikomo cha kupandisha kilicho chini kidogo ya uwezo halisi wa laini, na kama inaruhusu, zitangulize pakiti ndogo za sauti mbele ya picha. Kununua bando kubwa zaidi hakutaisaidia foleni hiyo.

Kuna siku, lakini, tatizo liko mbali kweli. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalipobomoa reli upande wa Kilosa na Gulwe, hakuna mkuu wa stesheni aliyeweza kufanya lolote. Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia sana. Siku kama hiyo tracert huonyesha vituo vya karibu vikijibu vizuri, kisha vinyota vitupu. Kuzima na kuwasha ruta ya Mikumi hakuungi waya ulio chini ya bahari.

Kwa hiyo leo, mtandao ukiwa mzima, piga ping kwenye geti lako na kwenye anwani moja ya nje, uandike namba hizo mbili kwenye karatasi na kuibandika chini ya ruta. Siku mtandao ukisumbua, anza kwa kuzilinganisha kabla hujagusa swichi.