Karamu ya Shukrani: Mgeni Asimngojee Kuku kwa Njaa

Mwezi wa Novemba unapoelekea ukingoni, nyumba nyingi za Busia na Tororo huanza kunong'ona habari za karamu. Huyu amevuna ulezi na karanga, yule kijana wake amehitimu, na wa tatu mumewe amerejea salama kutoka Somalia, ambako askari wa Uganda walianza kupelekwa Machi 2007 na wa Kenya wakaingia Oktoba 2011. Wamarekani nao wana siku yao ya shukrani, Alhamisi ya nne ya mwezi huo huo, kama ilivyowekwa kwa sheria mwaka 1941, na mfalme wa meza yao ni bata mzinga. Kwetu mfalme ni kuku. Lakini leo, ndugu msomaji, kuku tumwache jikoni, tuzungumze juu ya chakula kidogo kinachomtangulia.

Nalisema hili kwa sababu ya jambo nililoliona kwa macho yangu katika boma moja nje ya mji wa Tororo. Mama wa nyumba, mke wa askari, alikuwa amekopa fedha akanunua kuku kumi na wawili. Wageni waliitwa saa nne. Sala ikafuatwa na hotuba, hotuba ikazaa hotuba, na chakula kikatoka saa tisa. Kabla ya hapo mzee mmoja mwenye kisukari alianza kutetemeka na kutokwa jasho, akanusurika kwa soda aliyonyang'anywa mtoto. Sahani zilipofika, kila mtu alipakua kwa njaa ya kutwa nzima, na kuku wakaisha kabla ya kufika kwa vijana. Mama yule alibakiwa na deni, na aibu juu yake. Laiti angalipitisha sinia la vitafunio saa tano, kuku wale wale wangalitosha.

Kitafunio cha kwanza ni dagaa wa Ziwa Viktoria. Samaki ni huyo huyo mmoja, ingawa ng'ambo ya Kenya huitwa omena na ng'ambo ya Uganda mukene. Chukua nusu kilo ya dagaa wakavu, uwaloweke katika maji ya moto kwa dakika chache, kisha uwaoshe mara tatu au nne mpaka mchanga uishe. Wachuje na kuwakausha kwa kitambaa safi. Wapakaze chumvi, pilipili iliyosagwa na vijiko viwili vya unga wa mahindi, kisha uwakaange katika mafuta yenye moto mkali, kidogo kidogo, mpaka walie kwa ukavu. Ukiwajaza wote karaini kwa pamoja watalegea. Wakamulie ndimu wakati wa kuandaa, si kabla.

Kumbikumbi hawahitaji hata mafuta, maana wana yao wenyewe. Wapepete mbawa zitoke, uwakaange kwa moto mdogo juu ya kikaango kikavu, na chumvi kidogo mwishoni. Mgeni wa mjini akisita, usimlazimishe. Na mtu ambaye mwili wake haupatani na kamba wa baharini awe mwangalifu, kwa kuwa kumbikumbi nao huweza kumdhuru vivyo hivyo.

Sasa karanga, na hapa nawasihi akina mama tukae kidogo. Karanga zilizovunwa katika unyevu na kuanikwa vibaya huota kuvu litoalo sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii haiondoki kwa kukaanga, wala haionekani baada ya kusaga. Ni hiyo iliyowaua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004, wengi wao wa Makueni na Kitui, kwa njia ya mahindi. Na kwa ajili yake Kenya iliyazuia kwa siku chache mahindi ya Uganda na Tanzania mwezi wa Machi 2021, jambo ambalo wafanyabiashara wa Busia na Malaba hawajalisahau. Basi usinunue karanga zilizokwisha kusagwa usizojua zilikotoka. Nunua punje, uzimwage juu ya ungo, uzichambue mchana kweupe. Iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au yenye harufu ya uvundo, itupe. Usimpe hata kuku, kwa maana utamla yeye.

Zilizo safi, vikombe viwili, zikaange, na kikombe kimoja cha simsim ukikaange peke yake, kwani simsim huungua upesi. Twanga vyote pamoja na chumvi katika kinu mpaka mafuta yachomoze. Chemsha viazi vitamu, vikate vipande vyembamba kama kidole, uviandae na bakuli la rojo hilo katikati. Wageni watachovya wenyewe.

Vyote hivi hupikika juu ya jiko moja la makaa, hata kwa mama anayekaa katika chumba kimoja cha kambini au cha laini za polisi. Kumbikumbi na rojo huandaliwa jana yake. Dagaa tu ndio wapikwe asubuhi ile ile. Pamoja navyo toa uji mwepesi wa ulezi ulioungwa kwa ndimu. Pombe ya ulezi, ile ajon ya Wateso inywewayo kwa mirija, ingoje mpaka watu wamekula, hasa wakiwamo wenye zamu ya lindo jioni.

Maji ya kunawa yatangulie, kisha sinia liwaendee wazee na watoto kwanza. Toa kidogo, kiganja kimoja kwa kila mtu. Na sinia moja lifichwe kwa ajili ya wapishi, ambao tangu alfajiri wamekuwa wakionja chumvi tu.