Urefu wa Mchana na Kuchanua kwa Nafaka



Mmea wa nafaka hukua kwa hatua mbili. Kwanza hutoa majani na shina. Kisha huacha kuongeza majani, ukaanza kutoa suke. Majani ndiyo yanayolisha suke. Mmea ukichanua mapema mno, majani yakiwa machache, mavuno huwa haba. Basi yakupasa kujua ni kitu gani kinachouamuru mmea uchanue.

Kwa mimea mingi ni urefu wa mchana na usiku. Jambo hili lilielezwa mwaka 1920 na wataalamu wawili wa Idara ya Kilimo ya Marekani, Garner na Allard. Hapa kwetu Mbeya na Iringa, mchana mrefu kabisa ni wa Desemba, karibu saa 12 na dakika 40. Mfupi kabisa ni wa Juni, karibu saa 11 na dakika 35. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini mmea waweza kuipima.

MTAMA. Aina nyingi za zamani, zile ndefu, hungoja usiku urefuke ndipo zichanue. Ukipanda mbegu hiyo Desemba, na jirani yako akapanda mwishoni mwa Januari, mtama wa mashamba yote mawili utachanua kwa siku zinazokaribiana. Lakini wako umepata wiki nyingi za kuota majani. Wake utachanua ungali mdogo, na masuke yatakuwa madogo. Kwa hiyo mbegu ya namna hii ipandwe mara mvua zinapoanza. Faida yake ni kwamba hukomaa mvua zikiisha, punje zikakauka vizuri. Ukichelewa, tumia mbegu ya muda mfupi kama Macia. Hiyo nayo usiipande mapema mno, maana itakomaa mvuani na punje zitaingia ukungu.

MAHINDI. Mahindi ya milima ya Uporoto hukawia kukomaa kuliko ya bonde la Usangu. Usidhani sababu ni mchana, kwani urefu wa mchana huko na huko ni karibu sawa. Sababu ni baridi ya milimani. Mbegu ya milimani huhitaji muda mrefu; ukiipeleka bondeni, mvua yaweza kukatika kabla punje hazijajaa.

NGANO. Hii ni kinyume cha mtama: kwa asili yake hupenda mchana mrefu. Ngano ya Ulaya ipandwayo kabla ya majira ya baridi hutaka pia wiki nyingi za baridi kali. Ukiipanda hapa, yaweza kubaki majani matupu. Kuanzia miaka ya 1940, Norman Borlaug alipanda ngano huko Meksiko katika sehemu mbili zenye mchana tofauti, akachagua ile isiyojali urefu wa mchana. Ngano za namna hiyo ndizo zinazofaa nchi kama yetu, iliyo karibu na ikweta.

Basi, kabla ya kupokea mbegu ngeni, uliza mambo matatu: Hukomaa kwa siku ngapi? Yafaa mlimani au bondeni? Je, imejaribiwa huku kwetu? Mwulize Bwana Shamba wako, au kituo cha utafiti cha Uyole. Kisha panda mistari michache kwanza. Mistari michache ikishindwa, umepoteza kidogo. Shamba zima likishindwa, ni njaa nyumbani.