Unaposhuka chini ya maji, usiyadanganye masikio yako

Huenda umewahi, msomaji, kusafiri kutoka Nairobi kwenda Mombasa kwa basi, gari moshi au ndege, ukahisi masikio yakiziba njiani. Ulimeza mate, ukapiga miayo, masikio yakafunguka kwa mlio mdogo, nawe ukalisahau jambo hilo. Anayetaka kutembea chini ya maji akiwa amevaa kofia ya hewa hapaswi kulisahau. Mimi ni daktari na nilizijua kanuni zote za burudani hiyo, lakini niliipuuza iliyo muhimu zaidi. Nakusimulia yaliyonipata ili wewe usirudie kosa langu.

Mwaka jana nilimtembelea dada yangu anayeishi katika jimbo la Florida, Marekani. Binti yake wa miaka 12 alikuwa amekwisha kunipangia siku: twende katika bustani moja ya viumbe vya baharini mjini Orlando, tuvishwe kofia, kisha tutembee kwenye sakafu ya bwawa kubwa la maji ya chumvi, samaki wakituzunguka. Dada yangu alikubali kwa sharti moja. "Kaka," aliniambia, "usimwache peke yake huko chini."

Kabla ya kuingia majini kila mtu alipewa fomu ya maswali kuhusu afya yake. Je, una pumu? Una kifafa? Umewahi kupasuliwa sikio? Una mafua, au pua imeziba? Mimi nilikuwa na mafua kwa siku tatu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemeza tembe ya kuzibua pua, na wakati huo nilikuwa nikipumua vizuri. Nilimtazama mtoto alivyofurahi, nikatia alama penye "hapana".

Kofia inavyofanya kazi

Ukitaka kuielewa kofia hiyo, chukua bilauri tupu, ipindue, kisha uididimize wima katika karai la maji. Hewa itabaki ndani na maji hayatapanda hadi juu. Kofia nayo iko wazi upande wa chini na hukaa mabegani. Hewa husukumwa ndani yake na mashine iliyo juu, kupitia mpira mrefu, na ile inayozidi hutoka chini kwa mapovu. Uso haulowi, na mwenye miwani anaweza kubaki nayo. Kinachotakiwa ni kusimama wima, kwa maana ukiinama sana hewa itatoka na maji yataingia.

Fikira yenyewe si mpya. Mwaka wa 1823 Mwingereza Charles Deane alisajili uvumbuzi wa kofia ya kumkinga mtu anayeingia penye moshi wa moto. Baadaye yeye na ndugu yake John waliigeuza ikawa ya kuzamia baharini.

Tuliyovishwa sisi ilikuwa na uzito wa takriban kilo 34 nje ya maji. Ndani ya maji uzito huo hupungua sana, kwa sababu hewa iliyomo huiinua. Ndiyo maana huvishwa kofia ukiwa tayari umesimama kwenye ngazi, maji yakiwa kifuani.

Kwa nini masikio huuma

Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo chenye hewa. Chumba hicho kimeunganishwa na sehemu ya nyuma ya pua kwa mrija mwembamba, na mrija huo hufunguka unapomeza mate au kupiga miayo. Ukishuka majini, shinikizo la maji huongezeka na kukisukuma kiwambo kwa ndani. Mrija ukifunguka, hewa huingia chumbani na pande mbili zikalingana. Ukiwa umeziba kwa mafua, kiwambo huvutwa ndani, kikauma, na hatimaye chaweza kuvuja damu au kupasuka.

Wengi hudhani kwamba mita 3 za maji si kitu. Lakini kuteremka kutoka Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hadi Mombasa, huongeza shinikizo la hewa kwa kiasi kinachokaribia cha mita 2 tu za maji. Kwa basi, badiliko hilo huchukua saa nyingi, na masikio hupata nafasi ya kujirekebisha. Kwa ngazi ya bwawa, utalipata katika vipandio sita au saba, kwa muda usiozidi dakika moja.

Tena badiliko kubwa zaidi hutokea karibu na uso wa maji. Kwa kanuni aliyoieleza Robert Boyle mwaka wa 1662, hewa iliyofungiwa hupungua hadi nusu ya ukubwa wake ukishuka mita 10 za kwanza. Mita 10 zinazofuata huipunguza hadi theluthi tu. Kwa hiyo maji mafupi si maji salama.

Kilichonipata

Mtoto alitangulia. Alishuka polepole akimeza mate kama alivyofundishwa, akafika chini, akanipungia mkono. Nami nikafuata. Kwenye kipandio cha tatu sikio la kushoto liliziba. Nilipitisha mkono chini ya kofia, nikabana pua na kupuliza taratibu, lakini halikufunguka. Kwenye kipandio cha tano lilianza kuuma. Nilijua wazi nilichopaswa kufanya, yaani kupanda kipandio kimoja na kujaribu tena, na ikishindikana nitoke. Badala yake nilikumbuka maneno ya dada yangu, nikashuka kipandio kimoja zaidi. Maumivu yalikuwa kama ya sindano iliyochomwa hadi ndani ya kichwa.

Nilimwashiria mwongozaji na kuanza kupanda. Nilipotazama chini nilimwona mtoto akinikodolea macho. Aliniona namwacha. Kisha akapeleka mikono yote miwili kwenye ukingo wa kofia yake, kama mtu anayetaka kuivua anifuate.

Katika miaka yangu yote ya udaktari sijapata kuogopa namna ile. Hewa anayopumua mtu aliye chini ya mita 3 za maji imebanwa. Akijaza mapafu, akafunga pumzi na kuibuka, hewa hiyo hupanuka kwa karibu theluthi moja. Mapafu yaliyokwisha kujaa hayana nafasi hiyo, na yaweza kuchanika. Mapovu ya hewa yakiingia katika damu na kufika kwenye ubongo, mtu huweza kupooza au kufa. Wazamiaji wamewahi kuumia hivyo katika kina kifupi hata kuliko hicho.

Mwongozaji alimshika mikono mara moja, akamtazama usoni kupitia kioo, akamwonyesha kwa ishara: pumua, pumua. Mtoto akatulia, naye akamaliza matembezi akiwa ameshikwa mkono na mtu mwingine, si mimi.

Kiwambo changu hakikupasuka, ila kilivilia damu, na kwa zaidi ya wiki moja nilisikia kama mtu aliyetiwa pamba sikioni. Ilinibidi niahirishe safari ya ndege ya kurudi nyumbani.

Mambo ya kuzingatia

Nakushauri hivi, iwe unakwenda kutembea na kofia kama ile, michezo inayopatikana hata Mauritius, au kuzamia kwa mtungi wa hewa huko Diani na Watamu.

Kwanza, jibu fomu kwa ukweli. Ukiwa na mafua, homa ya mzio inayoziba pua au maumivu ya sikio, ahirisha. Usitegemee tembe ya kuzibua pua, kwani nguvu yake yaweza kwisha ukiwa chini, na hewa ikakwama ndani ya sikio unapopanda.

Pili, mwone daktari kwanza ikiwa una pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo, au ikiwa umewahi kupasuliwa sikio au kifua. Aliyewahi kuugua kifua kikuu, hata kama amepona, huweza kuwa na makovu mapafuni yanayonasa hewa. Asishuke kabla ya kupimwa. Mama mjamzito asubiri hadi ajifungue. Anayeogopa mahali pa kufungiwa naye aseme mapema.

Tatu, anza kuzibua masikio kabla hayajauma, katika kila kipandio. Meza mate, tikisa taya, au bana pua na upulize kwa upole. Usipulize kwa nguvu. Sikio likikataa, toka.

Nne, usifunge pumzi hata mara moja, hasa unapopanda. Mweleze mtoto jambo hili mpaka alirudie kwa maneno yake mwenyewe, na mwambie pia afanye nini iwapo wewe utalazimika kutoka kabla yake.

Tano, ukitokwa na damu sikioni, ukipata kizunguzungu au kutosikia vizuri, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Usitie matone, mafuta wala kijiti cha pamba. Kiwambo kilichopasuka mara nyingi hupona chenyewe kwa wiki kadhaa kisipoingiwa na maji. Lakini kifua kikiuma, pumzi ikikata au kiungo kikifa ganzi baada ya kuibuka, hiyo ni dharura. Mgonjwa akimbizwe hospitali bila kuchelewa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha mafua tu, maradhi ambayo hata wagonjwa wangu huona haya kuja nayo kliniki. Jioni ile, tukiwa garini, mtoto aliniuliza, "Mjomba, mbona hukusema unaumwa? Tungekuja siku nyingine." Sikuwa na jibu la kumpa.