Mnataka kufufua gari la kale? Mzazi aje na mapenzi, wewe njoo na sumaku

UKIZUNGUKA kisiwa cha Mombasa kwa miguu, si kwa tuktuk, utayaona. Limo moja Tudor nyuma ya geti, limeinuliwa juu ya mawe. Lingine liko Ganjoni chini ya turubai iliyochanika. Majengo kuna ambalo kuku wameshalifanya kiota. Ni magari ya enzi za wazee wetu: Datsun 120Y, Peugeot 404 na 504, Beetle yenye mgongo wa kobe, Land Rover isiyobaki na kioo hata kimoja. Nambari zake ni zile za kabla ya KAA: herufi tatu, tarakimu, basi, hakuna herufi ya mwisho.

Sasa kama wewe na babako mmeanza kuongea juu ya kununua moja mlifufue pamoja, nakwambia mapema, kazi ngumu si kulifungua wala kulifunga. (Na ikiwa ni mamako, hewaa! Wako akina mama hapa mjini wanaoijua kabureta kuliko mafundi wengi.) Kazi ngumu ni kuchagua. Mkichagua vibaya, mwaka mzima utapita mkimlipa fundi na nyinyi mmekaa pembeni, kisha pesa zinakwisha, gari linarudi juu ya mawe, na kila mkipita karibu nalo kila mtu anatazama upande wake. Mlitaka kuwa pamoja Jumapili, mmepata kitu cha kunyamaziana.

Kuagiza kutoka nje, sahau. Kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika kwa zaidi ya miaka 8, kwa hivyo meli zinazoshusha Vitz na Probox pale Kilindini hazitakuletea Datsun ya 1975. Mtakalopata ni lile lililozeekea hapa hapa.

Na kuzeekea Mombasa si sawa na kuzeekea Nakuru. Hapa chuma hulala na chumvi na kuamka na chumvi. Upepo wa bahari unaingia kila mahali: ndani ya milango, chini ya mazulia, kwenye viungo vya bodi ambako jicho halifiki. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza utawashangaza wengi. Injini iwe jambo la mwisho kuuliza.

Najua mambo yanavyokwenda. Muuzaji anaunganisha betri aliyoazima kwa jirani, anapiga stata, injini inakohoa mara mbili inashika, moshi huo! Mzee anatabasamu kama mtoto. Biashara imekwisha hapo. Lakini injini ya 120Y, kwa mfano, ile A12 ya sisi 1,200 hivi, ni kitu rahisi sana. Hakuna kompyuta, hakuna sensa. Ni kabureta, pointi, plagi na subira. Ya Beetle inashikwa na bolti kuu nne tu, na watu wawili wenye jeki nzuri wanaitoa asubuhi moja. Hiyo ni kazi yenu nyinyi wawili, na ndiyo raha yenyewe.

Bodi iliyooza ni kitu kingine. Hapo panatakiwa mtu wa kukata chuma, kukunja na kuchomelea, na mtu huyo hulipwa kwa siku. Kwa hivyo mkienda kutazama gari, beba vitu vitatu: tochi, bisibisi na sumaku uliyoifunga kitambaa isikwaruze rangi. Ipitishe sumaku polepole juu ya magurudumu, chini ya milango na chini ya kioo cha mbele. Ikishika, chuma kipo. Ikiteleza na kuanguka, chini ya rangi kuna filla, ule uji mzito ambao mafundi huzibia mashimo kisha wakapiga msasa na kupaka rangi ikang’aa. Filla kidogo si neno. Mlango mzima ukiwa filla, huo si mlango, ni keki.

Kila gari lina pahali pake pa kuficha aibu. Kwenye Beetle, inua kiti cha nyuma. Betri hukaa chini ya kiti upande wa kulia, na tindikali yake ikimwagika miaka nenda miaka rudi, sakafu inakuwa kama chujio. Kwenye 404 na 504 tazama sakafu na vizingiti vya milango. Kwenye Land Rover usishtuke sumaku ikianguka kila mahali, bodi yake sehemu kubwa ni alumini. Pale ingia chini uigonge fremu kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu, na ukikichoma bisibisi, inazama.

Halafu hesabu vitu vidogo. Ningechukua gari lisilo na injini kabisa lakini lenye vioo vyote, taa zote na bampa zote, nikaacha lile linalotembea ambalo limevuliwa urembo wake. Injini utaipata. Kioo cha nyuma cha 404 utakitafuta mpaka uchoke. Hapo Beetle inashinda zote, kwa sababu iliendelea kuundwa Mexico hadi 2003 na spea zake bado zinatengenezwa. 504 nayo iliundwa hapa Kenya kwa miaka mingi na ikabeba abiria kila upande wa nchi, kwa hivyo mafundi wa umri wa babako wanaifungua macho yamefumba.

Lakini kuna shida moja ambayo sumaku haiwezi kuipima. Mzazi hanunui chuma, ananunua kumbukumbu. Mtu aliyezaliwa mwanzoni mwa miaka ya 70 alikuwa mtoto wa shule Shekhar Mehta alipoishinda Safari Rally mara nne mfululizo na Datsun, kuanzia 1979 hadi 1982. (Ilikuwa Violet, si 120Y, lakini mwambie mzee hivyo uone.) Mwingine alipelekwa shule kwa Peugeot ya babake, ikauzwa karo ilipokosekana. Mtu kama huyo akiiona ya rangi ile ile, atakwambia kutu si kitu.

Usibishane naye mbele ya muuzaji. Patanani nyumbani kabla ya kutoka: yeye achague aina, wewe uchague gari lenyewe. Akitaka Datsun, iwe Datsun, hata kama wewe roho yako iko kwa Beetle. Ila mkifika, wewe ukisema hili hapana, mnashukuru na kuondoka, bila maswali mpaka mfike kwenye matatu. Si ukosefu wa adabu. Ni kazi amekupa.

Kitabu cha gari nacho kisomwe kabla ya bei. Magari mengi haya bado yana majina ya watu waliokwisha kufariki. Warithi wanaweza kuwa wanne, mmoja yuko Muscat, na anayekuuzia ni mpwa tu. Bila karatasi za mirathi kutoka mahakamani, au kwa Kadhi kama familia ni ya Kiislamu, hamtaweza kulihamisha jina katika mtandao wa NTSA. Linganisha pia nambari ya chesisi na iliyoandikwa kitabuni, tarakimu kwa tarakimu. Zisipolingana, hata wakupe bure, kataa.

Mwisho ni pahali. Kama mnakaa Mji wa Kale, mnajua wenyewe: vichochoro vya Kibokoni mkokoteni ukikutana na pikipiki mmoja lazima arudi nyuma. Hamwezi kuliweka gari bovu mlangoni kwa jirani miaka miwili. Basi tafuteni ua wa jamaa kisiwani, wenye paa, mnapoweza kufika kwa miguu baada ya Alasiri. Likikaa Mtongwe, mtavuka feri Jumapili tatu, ya nne mzee atasema amechoka. Na paa si anasa. Chuma ulichokipiga msasa asubuhi, ukikiacha wazi bila praima, hapa kwetu kesho kina rangi ya chungwa.

Likifika uani, usimwache mtu yeyote, mzee wala wewe, aingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Wekeni stendi. Na vumbi la breki za zamani msilipulize kwa mdomo, huenda lina asbesto. Pangusa kwa kitambaa kibichi, kisha ukitupe.

Jumapili hii nendeni mkatazame tu, pesa ziacheni nyumbani. Mwache mzee akae na muuzaji waongee Safari Rally. Wewe chukua tochi uingie chini.