Kabla hujazitupa spika za mzee, zipime

Mzee akitangulia mbele ya haki, warithi huketi wakagawana nyumba, shamba na vyombo. Pembeni mwa sebule hubaki makasha mawili makubwa ya mbao ambayo hakuna anayeyataka: spika alizokuwa akisikilizia taarab na kisomo cha Qur'ani. Siku moja hupita mnunuzi wa vyuma vikuukuu, zikaenda kwa bei ya chakula cha mchana. Baadaye mtoto mmoja hununua dukani sistimu ya plastiki yenye taa za rangi, kwa maelfu ya shilingi.

Wakati mwingine hiyo ni hasara tupu. Wakati mwingine ni uamuzi wa busara. Wahenga wametuambia ya kale ni dhahabu, na wakatuambia pia kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwa upande wa spika, anayefuata methali peke yake atapoteza pesa.

Kwanza, ndugu msomaji, jua kwamba spika nyingi za leo bado zinafuata kanuni iliyoelezwa Marekani mwaka 1925 na wahandisi Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric. Waya mwembamba uliozungushwa, yaani koili, umekaa ndani ya sumaku. Umeme wa muziki ukipita, koili husogea mbele na nyuma, ikaisukuma koni, nayo koni ikasukuma hewa hadi sikioni. Kwa hivyo spika ya mwaka 1975 iliyo nzima ni spika kamili hata leo.

Kilichoendelea sana ni hesabu. Zamani ukubwa wa kasha mara nyingi ulipatikana kwa kujaribu na kurudia. Neville Thiele wa Australia alichapisha hesabu zake mwaka 1961, Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970, na sasa kompyuta humwonyesha mhandisi besi itakavyokuwa kabla hajakata ubao. Ndiyo sababu spika ndogo ya kisasa, ikiwa imetengenezwa vyema, hutoa besi safi kuliko umbo lake.

Lakini udogo huo una gharama yake: inahitaji amplifaya yenye nguvu. Tafuta nambari ya desibeli, inayoeleza sauti inayotoka kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja. Kila zikipungua desibeli 3, unahitaji wati maradufu kupata sauti ile ile. Spika ya desibeli 92 ikitosheka na wati 10, ya desibeli 86 itataka 40.

Na usidhani za zamani zote ni za aina moja. Klipschorn, ya miaka ya 1940 wakati amplifaya za valvu zilikuwa na wati chache, hupita desibeli 100. LS3/5a, iliyobuniwa na BBC miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo, iko karibu 83. Zote mbili zina sifa duniani, lakini amplifaya ndogo inayoitosha ya kwanza itahangaika na ya pili.

Muuzaji wa vitu vya zamani pia atakusifia sumaku ya alniko, ambayo ni mchanganyiko wenye alumini, nikeli na kobalti, ili apandishe bei. Mwaka 1978 waasi walipouteka mji wa Kolwezi, mkoa wa Shaba nchini Zaire, bei ya kobalti iliruka, na watengenezaji kama JBL wakahamia sumaku za feraiti. Kilichowahamisha ni bei ya madini, na spika nzuri ziliendelea kutoka. Usilipe mara mbili kwa sababu ya jina la sumaku.

Sisi wa Pwani tuna adui mwingine: hewa yetu. Ukingo wa sponji unaoizunguka koni huoza wenyewe kwa miaka, na joto na unyevu huuharakisha. Chumvi hutia kutu kwenye viungio vya waya. Kasha la mbao za unga likinyonya maji huvimba na kuachana. Kwa hivyo, kabla ya kuzitupa au kuzinunua spika za zamani, zipime hivi.

Gusa ukingo wa koni taratibu. Ukipukutika kama keki kavu, umekwisha, lakini fundi wa spika anaweza kubandika mpya. Kisha sukuma koni polepole kwa vidole vya mikono miwili, pande zote sawa. Ukisikia mkwaruzo, koili inasugua, na hilo ni tatizo kubwa zaidi. Weka mita ya umeme kwenye nyaya za ile spika kubwa ya besi: ya ohmu 8 huonyesha kama 6 hivi. Mita isiposoma chochote, koili huenda imekatika. Mwisho, papasa chini ya kasha kuona kama limevimba.

Koni, koili na kasha vikiwa vizima, tengeneza. Muulize fundi bei kwanza, uilinganishe na bei ya spika mpya zenye ubora, wala si na ile sistimu ya plastiki. Koili ikiwa imeungua na kasha limevimba, ziache ziende, hata kama zina kumbukumbu ya mzee.

Ukiamua kununua mpya, usibabaishwe na maandishi ya kwenye boksi. Ukiona wati 10,000, piga hesabu: soketi ya nyumbani ya ampea 13 kwa volti 240 haitoi zaidi ya wati 3,120. Hizo nyingine zinatoka wapi? Tafuta neno RMS, ndiyo nguvu ya kudumu. Chagua spika zenye ukingo wa mpira, na ikiwezekana zisizo na amplifaya ndani, ili amplifaya ikifa usitupe vyote.

Pima pia nyumba yako. Kwenye vyumba vya kupanga, besi ya kasha kubwa hupita ukutani ikamwamsha mtoto wa jirani, na jirani ana haki yake. Hapo spika ndogo za kisasa zinatosha.

Unapokwenda kusikiliza, beba rekodi unayoijua vizuri, ya mtu anayeimba au kusoma bila vyombo vingi. Besi ya kutikisa kifua hudanganya kila mtu, lakini sauti ya binadamu tunaijua tangu utotoni. Spika inayoiharibu sauti hiyo usiilipie, iwe ya juzi au ya mwaka 1970.