Namba Yenye Tarakimu 21 na Siri Yake

Katika elimu ya hesabu, namba isiyogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe huitwa namba tasa. Namba 7 ni tasa. 15 si tasa, maana ni 3 mara 5. Jambo hili laonekana jepesi, lakini namba ikiwa kubwa huwashinda hata mabingwa.

Mtu akichukua punje 1 ya mahindi na kuiongeza maradufu mara 3, atapata punje 8. Akitoa 1 zitabaki 7, nayo ni namba tasa. Akiongeza maradufu mara 5 na kutoa 1, atapata 31, tasa pia. Mara 7 atapata 127, tasa vilevile. Asiye na subira angesema kwamba kanuni imekwisha patikana. Lakini akifanya hivyo mara 11 atapata 2,047, nayo ni 23 mara 89.

Mwaka 1644 Marin Mersenne, padre wa Ufaransa, alichapisha orodha ya namba za namna hii alizosema kuwa ni tasa. Mojawapo ni ile ya maradufu mara 67, yaani 147,573,952,589,676,412,927. Uthibitisho hakuutoa, lakini nani angeweza kuigawanya namba kubwa kiasi hicho? Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alionyesha kwa njia yake mwenyewe kwamba namba hiyo si tasa. Ajabu ni kwamba njia hiyo haikuvitaja vigawanyo vyake. Ilikuwa kama kuambiwa kwamba mtungi una ufa, bila kuonyeshwa ufa wenyewe.

Kuutafuta ufa huo ilikuwa kazi kubwa. Yajulikana kwamba ukitoa 1 katika kigawanyo chochote cha namba hiyo, kinachobaki lazima kigawanyike kwa 134, yaani 67 mara 2. Hata hivyo, mwenye kujaribu moja baada ya moja angekifikia kigawanyo cha kwanza katika jaribio la 1,445,580.

Tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa wanahesabu mjini New York, Mmarekani Frank Nelson Cole alitoa jibu: 193,707,721 mara 761,838,257,287. Husimuliwa kwamba alikwenda ubaoni, akaandika hesabu yake bila kusema neno, akarudi kuketi, na wenzake wakampigia makofi.

Siku hizi kompyuta huigawanya namba hiyo kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua jicho. Lakini namba zenye tarakimu zaidi ya 600, zilizofanywa kwa kuzidisha namba tasa mbili kubwa, bado ni kufuli imara, nazo hutumika kulinda barua za siri na fedha za mabenki. Kuzidisha ni rahisi. Kurudi nyuma ndiko kugumu.

Tena hesabu haimwogopi mkubwa. Mwanafunzi yeyote mwenye kalamu, karatasi na subira aweza kuzizidisha namba mbili za Cole jioni moja, akathibitisha mwenyewe kwamba padre yule mashuhuri alikosea.